Mbu Aliyefunga: Miaka Thelathini na Minne ya Kuchukua Damu Kidogo

Ijumaa tarehe thelathini ya mwezi huu, saa kumi jioni, mchukua damu wetu mkuu atavua koti lake jeupe, atalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa maabara, na safari hii hatalirudia Jumatatu. Siku hiyo atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku tisa za utumishi katika hospitali hii. Hizo siku tisa ameniagiza nisiziache, kwa sababu anasema nazo alizifanyia kazi akiwa amesimama.

Kwenye kitambulisho ana jina refu, lakini humu ndani ni Mbu. Jina hilo alipewa na mgonjwa mmoja wa wodi ya wanaume katika mwaka wake wa pili kazini, kwa sababu alikuwa anafika asubuhi mapema, hana kelele, na ukimwona anaondoka ujue ameshakunywa. Kinachochekesha ni kwamba mtu mwenyewe ni mkubwa kama kabati. Viatu vyake ni namba arobaini na saba. Glavu za kawaida zinampasukia kwenye kidole gumba. Ukiona mkono ule unakujia na sindano unaanza kusali, kisha unasikia anasema pole, tayari, nawe ulikuwa bado unasubiri aanze.

Nimeombwa niandike maneno haya kwa sababu tumefanya kazi pamoja miaka kumi na tisa. Yeye anachukua damu wodini, mimi naibeba kuipeleka maabara. Sikusoma sana, kwa hiyo mtanivumilia nikiandika kama ninavyozungumza. Na niseme mapema, kabla yeye hajasimama kulisema: mimi ninayebeba damu za watu kila siku naogopa sindano kuliko kitu chochote. Kwa miaka yote hiyo sijawahi kumkubalia anitoe hata tone. Tukiwa tunakunywa chai huwa anautazama mkono wangu jinsi fundi anavyotazama ukuta wa mtu, akisema kwa huzuni kwamba mishipa mizuri kama ile inakwenda kupotea bure.

Hakuanza na sindano. Aliajiriwa kuosha vichupa. Wakati huo vichupa vilikuwa vya kioo, vinaoshwa, vinachemshwa, vinatumika tena. Mwezi wa kwanza alivunja vingi kiasi kwamba msimamizi wa maabara alimwondoa kwenye sinki na kumpeleka wodini kusaidia kuwashika watoto mikono wakati wa kutolewa damu, akiamini kwamba mkono wa mtu hauvunjiki kirahisi hivyo. Ikaonekana watoto walioshikwa na yeye hawalii. Wanamtazama tu, wakishangaa ukubwa wake, na wakati wanakumbuka kulia kazi imekwisha. Miaka miwili baadaye alipelekwa kozi, akarudi na cheti, na tangu hapo hakuna aliyemwomba aoshe kichupa.

Wapo wanaokumbuka mambo yake mengine. Vile vimto vya kuegemezea mkono, vyenye kifuniko cha plastiki kinachofutika, vinavyotumika sasa kwenye wodi zote, vilianzia kwake. Mkewe ni mshonaji na alivishona kwa mabaki ya vitambaa. Ni yeye aliyezimia siku mtoto wake wa kwanza alipochanjwa, akaangukia meza ya muuguzi, na mtoto ndiye aliyembembeleza. Ni yeye anayejua kwa kugusa tu kama mgonjwa amekunywa maji tangu jana.

Lakini kazi ambayo hospitali hii itamkumbukia ilianza akiwa na miaka hamsini na kitu, wakati wenzake wengi wameanza kuhesabu siku za kustaafu.

Kitengo cha upandikizaji wa uboho kilifunguliwa miaka tisa iliyopita, vyumba vinne mwisho wa korido ya ghorofa ya pili. Kwa wasomaji wa idara nyingine, kazi yake kwa maneno ya kawaida ni hii. Mgonjwa mwenye saratani ya damu au ya uboho anavunwa seli shina, yaani zile mbegu za damu zinazokaa ndani ya mifupa. Mbegu hizo zinagandishwa. Kisha anapewa dawa kali inayoua saratani, ila inaua na uboho pia. Halafu anarudishiwa mbegu zake, na watu wote mnakaa kusubiri ziote. Kusubiri huko ni wiki mbili, wakati mwingine tatu. Katika siku hizo mwili hautengenezi damu ya kutosha kitu chochote, na karibu kila mgonjwa huongezewa damu ya watu wengine mpaka mbegu zake zishike.

Wako wagonjwa wasiokubali kuongezewa damu, kwa imani yao au kwa sababu zao wenyewe. Mwanzoni hao tuliwarudisha nyumbani. Haikuwa kwa ubaya. Daktari Bingwa, mama ambaye sijawahi kumsikia akimfokea mtu, alikuwa anawaeleza taratibu kwamba bila damu ya akiba hathubutu kuwapitisha kwenye dawa ile. Wao wanashukuru, wanakunja karatasi zao, wanaondoka. Mbu alimsindikiza mmoja wao hadi getini, fundi redio mwenye watoto watatu, na aliporudi hakugusa chakula.

Wiki iliyofuata, kwenye kikao cha kitengo, ambako yeye na mimi tulikuwa tunasimama karibu na mlango kwa sababu viti ni vya madaktari, alinyoosha ule mkono wake. Alikuwa amekuja na chupa ya maji aliyoipima. Akaonyesha kwamba damu tunayomchukulia mgonjwa mmoja kwa vipimo tu, katika wiki tatu, inafika robo tatu ya lita, na kwamba mashine ya maabara hunywa matone machache na iliyobaki inamwagwa. "Tunammwagia mtu damu yake," alisema, "halafu tunamwomba akubali ya mwenzake."

Daktari Bingwa hakukasirika. Alimuuliza mashine inahitaji kiasi gani hasa ili iseme kweli. Mbu akajibu kwamba hajui, ila anaweza kujua.

Miezi miwili iliyofuata hakuwa na saa ya chakula. Alikuwa anakaa kwenye kiti cha wagonjwa, anajitoa damu mwenyewe kwenye mkono wa kushoto, anajaza kichupa kikubwa kwa utaratibu wa siku zote, kisha kile kidogo cha watoto wachanga, nusu, robo, chini ya robo, na kuvipitisha vyote kwenye mashine aone ni wapi majibu yanaanza kudanganya. Mkono ule ukawa na madoa mpaka mkewe akamuuliza kama siku hizi kazini anafuga nyuki. Mwishowe akapata mstari wake. Kila kichupa cha watoto akakiwekea alama kwa kalamu: damu ikifika hapa, inatosha hata kwa mtu mzima. Tangu hapo, Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, saa saba mchana, anakaa tena kwenye kiti kile na kutoa vichupa viwili, kikubwa na kidogo, ili kuhakikisha mashine na mstari bado vinakubaliana. Hajakosa mwezi hata mmoja.

Mgonjwa wa kwanza kupandikizwa hapa bila kuongezewa damu alikuwa mke wangu.

Alikuwa mwalimu wa chekechea, mtu wa utani, na alikuwa na saratani ya uboho. Kwa imani yake hapokei damu. Mimi sikulelewa katika imani hiyo, na jambo hilo tulikuwa tumelizungumza siku tulipochumbiana, likaisha, au tulidhani limeisha. Kuhusu mbegu zake mwenyewe, zile za kuvunwa na kurudishwa, alichukua wiki nzima akitafakari. Akasema zimetoka kwake na zinarudi kwake, dhamiri yake imetulia.

Daktari Bingwa alimwandaa kwa miezi mitatu. Dripu za madini ya chuma, sindano za kuuhimiza uboho utengeneze damu nyekundu, mpaka kiwango chake cha damu kikapanda kutoka tisa hadi kumi na tatu na nusu. Mke wangu akawaambia jamaa kwamba hospitalini ananeneshwa damu kama watu wanavyonenesha kuku. Siku ya kulazwa, muuguzi mkuu alimwambia aondoe rangi ya kucha, kwa sababu kile kibanio cha kidoleni kinachopima hewa mwilini hakisomi vizuri juu ya rangi. Aliipenda rangi ile, nyekundu iliyokoza. Akaifuta kidole kimoja kimoja, na Mbu alipoingia akamkabidhi kichupa chake cha rangi.

"Shika, Shemeji," alimwambia. "Mimi sina kazi nayo mpaka nitoke."

Mbu aliipokea kwa heshima zote, na jioni ile akagundua kitu. Alama zake za kalamu zilikuwa zinafutika kila kichupa kikipanguswa kwa spiriti. Rangi ya kucha haikufutika. Kuanzia kesho yake kila kichupa kilikuwa na mstari mwekundu mwembamba, uliochorwa na lile dole kubwa kwa brashi ya kike. Mke wangu alipoona damu inakoma kwenye mstari, chini kabisa ya kichupa, akamuuliza huyu ni mbu gani, au amefunga? Wodi nzima ikacheka. Ndivyo alivyoitwa tangu siku hiyo: Mbu Aliyefunga.

Mbegu zake zilirudishwa siku ya Jumanne. Dawa ya kugandishia ina harufu yake, inatoka kwenye pumzi ya mgonjwa, na chumba kilinuka kitunguu saumu siku mbili. Alisema amelala jikoni kwa mama mkwe. Baada ya hapo utani ulipungua, kwa sababu nguvu zilipungua. Alisafishwa meno kwa sponji ili fizi zisitoke damu. Alipewa dawa za kuzuia damu isivuje. Hakuruhusiwa kwenda msalani bila kushikwa asije akaanguka. Kila asubuhi Mbu alichukua kichupa kimoja kutoka kwenye mpira mwembamba wa dripu uliowekwa kwenye mshipa wa shingo, nami nilikibeba. Kutoka kitandani kwake hadi dirisha la maabara ni hatua mia moja na kumi na mbili. Kiwango kilishuka pole pole kama walivyotarajia. Kumi. Tisa. Nane na kitu. Siku ya saba, saba na pointi moja.

Siku ya nane mashine ilisema tatu na pointi nane.

Nieleze maana yake. Chini ya tano, mtu asiyekubali damu yuko ukingoni. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Daktari Bingwa aliniita kwenye kile chumba kidogo chenye feni mbovu, mimi na kaka mkubwa wa mke wangu, ambaye alikuwa amekuja kumtazama. Alisema hatamlazimisha mtu, na karatasi aliyosaini mke wangu itaheshimiwa, ila ni wajibu wake kumuuliza tena mgonjwa angali na akili zake timamu. Shemeji yangu, ambaye ni muuza viatu na kwa kawaida ni mpole, alipiga meza. "Dada yangu anakufa," alisema, "na ninyi mmekunja mikono mnaheshimu karatasi." Mimi nilikuwa naitazama feni.

Niliingia kwa mke wangu nikiwa nimevaa gauni na barakoa. Nilikuwa nimejiahidi miaka mingi kwamba sitamuuliza, na nilimuuliza. Nilisema hata mara moja tu, hata mfuko mmoja, mpaka mbegu zishike.

"Nimekusikia, baba," alisema. "Na jibu langu unalijua. Njoo unishike mkono."

Nilimshika. Nilisikia mapigo yake kwenye kidole gumba, na hayakuwa ya haraka. Sikulielewa hilo kwa wakati ule.

Aliyelielewa ni Mbu, akiwa maabara. Karatasi ya majibu ilikuwa imempitia mkononi, na badala ya kusikitika kama sisi wengine akarudi kukitafuta kichupa. Alikiinua dirishani kwenye mwanga, kando ya kile cha jana. Kisha akasoma karatasi upya, mstari kwa mstari. Kila kitu kilikuwa kimepungua kwa karibu nusu sawasawa: chembe nyekundu, nyeupe, za kugandisha, hata vitu visivyopungua usiku mmoja. Mwili wa mtu haupungui kwa mpangilio namna ile.

Akakumbuka alichokifanya asubuhi. Damu inapochukuliwa kwenye mpira, sehemu ya kwanza inayotoka huwa imechanganyika na maji ya dripu, kwa hiyo inavutwa na kutupwa, kisha ndiyo inachukuliwa ya kipimo. Utaratibu ni kutupa kijiko kimoja kizima. Mbu alikuwa anaona uchungu. Kila siku alitupa pungufu kidogo ya jana, ili asimpotezee mama wa watu tone lake, na siku ile ya nane alikuwa ametupa karibu na hakuna. Mistari yote alikuwa ameijaribu kwenye mkono wake, miezi miwili, ila mkono wake haukuwahi kuwa na mpira wala dripu. Huruma yake ndiyo iliyompeleka pabaya.

Alikuja mbio. Mtu yule, na viatu vile, kwenye korido ile. Wagonjwa wa chini walidhani kuna samani zinahamishwa. Alisimama mlangoni mwa kile chumba kidogo, mbele ya Daktari Bingwa, muuguzi mkuu na shemeji yangu, akahema kwanza.

"Damu yake haijapungua," alisema. "Nimeitia maji mimi mwenyewe."

Daktari Bingwa hakumuuliza swali hata moja. Alichukua ile mashine ndogo ya wodini inayotaka tone moja la kidole, na wote wakaja. Mbu alipiga magoti kando ya kitanda. Mke wangu alimpa kidole, akamwambia kwa sauti ndogo kwamba leo mbu amefuturu. Mashine ile inachukua dakika moja. Nimeishi miaka hamsini na mitatu na sijaona nyingine ndefu kama ile. Ikaandika sita na pointi tisa.

Shemeji yangu alikaa kwenye kiti cha plastiki akafuta uso kwa leso. Baadaye alimfuata Mbu korido akamuuliza, kama muuza viatu anavyouliza, alitia maji kiasi gani hasa. Mbu akamwambia. Wakashikana mikono. Shemeji yangu hakuwahi kukubaliana na uamuzi wa dada yake, na mpaka leo hakubaliani nao, na anasema hivyo hadharani. Lakini kila mwaka, mwezi ule ule, huleta hapa jozi moja ya viatu namba arobaini na saba, na kwa wanaojua bei na uhaba wa namba hiyo, hiyo si salamu ndogo.

Mchana ule Mbu angeweza kunyamaza. Majibu yalikuwa yameshasahihishwa na mgonjwa yuko salama. Badala yake aliandika kosa lake lote kwenye ubao wa maabara, kwa herufi kubwa, na jina lake chini, kisha akaenda kwa Daktari Bingwa kuomba aondolewe kwenye kitengo. Daktari Bingwa alimwambia aende akatafute njia ya kutotupa chochote, na akirudi bila njia ndipo wazungumze habari ya kuondoka.

Alirudi baada ya siku tatu, yeye na muuguzi mkuu. Walikuwa wamefunga koki ndogo yenye njia tatu kwenye mpira, na bomba la sindano safi pembeni. Sehemu ya kwanza inavutwa yote, kijiko kizima, inakaa humo humo kwenye bomba bila kufunguliwa. Kipimo kinachukuliwa kwa njia nyingine. Kisha ile ya kwanza inarudishwa kwa mwenyewe ikiwa bado na joto lake. Walifanya mazoezi kwa maji ya rangi mpaka sakafu ya chumba cha dawa ikawa waridi. Hakuna kinachotupwa, hakuna kinachodanganya. Mke wangu aliulizwa kama dhamiri yake inaruhusu, akajibu kwamba hajawahi kumnyima mtoto aliyepotea njia kurudi nyumbani.

Siku ya kumi na tatu chembe nyeupe zilionekana. Siku ya kumi na tano chembe za kugandisha zilianza kupanda zenyewe. Siku ya kumi na tisa alitoka kwa miguu yake, akiwa na kofia ya uzi, akamwomba Mbu arudishiwe kichupa chake. Kilikuwa kimebaki robo. Akamwachia, akasema atanunua kingine, na alinunua viwili, kimoja cha kwake na kimoja cha maabara. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila mwaka.

Baada yake wamepita wagonjwa thelathini na mmoja wasiokubali kuongezewa damu. Ishirini na tisa walitoka kwa miguu yao. Wawili hawakutoka, na Mbu anakumbuka vitanda vyao na walichokuwa wanapenda kusikiliza redioni. Yule fundi redio aliyesindikizwa hadi getini aliitwa arudi. Alikuwa wa nne. Mwaka jana alileta picha ya mahafali ya binti yake, ikabandikwa maabara juu ya jokofu. Na mstari mwekundu umetoka nje ya kitengo chetu. Leo unatumika wodi ya watoto, ya wazazi na ya wagonjwa mahututi, kwa watu wanaokubali damu na wasioikubali, kwa sababu hakuna mgonjwa anayefaidika na damu yake ikimwagwa kwenye sinki.

Mke wangu aliishi miaka sita na miezi minne zaidi. Madarasa sita ya chekechea. Aliwahi ndoa ya mtoto wetu mkubwa na akacheza mpaka viatu vikamshinda. Ugonjwa uliporudi haukusikia dawa, na mwaka jana mwezi wa tano aliondoka, nyumbani, mchana, dirisha likiwa wazi. Mbu alikuwa amekuja siku mbili kabla kumchukua damu, akamkuta amepaka rangi kucha za mkono mmoja na hana nguvu za kupaka wa pili. Aliweka begi lake chini akampaka. Vidole vitano, na hakutoka nje ya ukucha hata mara moja.

Nilipokuwa kwenye maombolezo, wiki mbili, alibeba sampuli mwenyewe, akichukua na kupeleka, ili nafasi yangu isiwekwe mtu. Sikuambiwa na yeye. Niliambiwa na walinzi, ambao walimwona akipita mara nyingi kuliko kawaida na wakadhani amepotea.

Sasa anaondoka. Sindano anaziacha kwa binti aliyemfundisha miaka minne, mwenye mikono midogo na subira kubwa, ambaye asubuhi hii amemchukua damu mgonjwa wa chumba cha pili, siku yake ya kumi na moja, hadi kwenye mstari na si zaidi. Mgonjwa huyo naye hapokei damu. Majibu nimeyaona kabla sijakaa kuandika: chembe nyeupe zimeanza kuonekana. Mbu alikuwa amesimama dirishani pa maabara, akijifanya anatafuta miwani.

Mzee wetu, tunakushukuru kwa asubuhi zote ulizotuwahi. Tunakushukuru kwa kusimama mlangoni mwa kikao na kusema, na kwa kuandika kosa lako ubaoni ambapo wengi tungelifuta. Tunamshukuru mama watoto wako kwa vimto na kwa kukuvumilia na ule mkono wa nyuki. Ukapate usingizi usioamshwa na kengele, bustani yako isikukatishe tamaa, na wajukuu wako wasikuogope hata kidogo. Siku zako za mbele ziwe nyingi, na ziwe nyepesi.

Limebaki jambo moja, ambalo najua limekuwa likikusumbua ingawa hujalisema. Unaondoka Ijumaa, na Jumatatu inayofuata ni Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Mashine na mstari lazima vipimwe, na mkono uliokuwa unavipima unastaafu. Nimeshazungumza na binti. Kwenye kabati la marehemu kulikuwa na kichupa kimoja cha rangi kisichofunguliwa, nimekileta maabara, kipo kwenye rafu yako. Na saa saba mchana kwenye kile kiti nitakaa mimi, mwezi huo na miezi itakayofuata. Binti ameahidi kwamba nikizimia hatamwambia mtu. Wewe ukiwa na nafasi, pita. Hutapewa kazi yoyote, ila kunishika mkono.